Mzee wa Pangani Aliyetusindikiza

Ukitaka kuniita mwongo, piga hesabu kwanza: anayetunga kisa hujipa sehemu nzuri. Mimi humu nimejitia kitanzi kwa mdomo wangu mwenyewe, na mama yangu alikuwepo akisikia kila neno.

Nilitaka kuanza biashara ya kutembeza watu pwani. Asubuhi mnatoka Kilole, hapo hapo Korogwe, mchana mnaona majumba ya kale ya Pangani, mnapanda pantoni, mnakwenda kisiwani kwa boti, jioni mko Korogwe. Abiria wa majaribio akawa mama, aliyezaliwa na kuzeekea Handeni bila kupanda chombo cha majini. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi mama hufunga sunna. Nikamkumbusha kwamba msafiri ana ruhusa ya kula.

"Ruhusa yako," akasema, "tumbo langu."

Pantoni aliipenda, alishika chuma muda wote kama yeye ndiye anayeizuia isizame. Boti ya kisiwani tuliikosa. Nilikuwa bado nabishania nauli na mwenye boti, kugeuka naona abiria wenzangu wako katikati ya maji.

Tukamalizia na nyumba. Ya mwisho ilikuwa ya ghorofa, na barazani ameketi mzee wa kanzu nyeupe. Alitutembeza vyumba vyote, akatuonyesha boriti za mikoko na mlango wa nakshi, hakutaka hata senti. Mimi kitu cha bure hukiogopa. Nilimuuliza mara mbili, akanijibu mara mbili: bure.

Wakati wa kuaga alitutoa mpaka mlangoni. Desturi unaijua: mwenyeji husindikiza, mgeni ndiye husema inatosha, rudi. Mimi nikaleta masihara.

"Mzee, kwetu Wazigua mgeni haachwi mlangoni. Tusindikize mpaka nyumbani!"

"Mpaka nyumbani?"

"Mpaka nyumbani."

Mama akanifinya. Mzee akatabasamu, tukaondoka. Nilimwona kwenye kioo cha gari amesimama pale pale, niamini.

Tulipopita Hale tukirudi, mama akageuka kiti cha nyuma. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu.

Mama akaninong'oneza, "Huyu mzee umempakia saa ngapi?"

Abiria wangu huwahesabu wakipanda, nikawahesabu tena nikiwasha gari. Alikuwa mmoja tu, mama.

Nikakanyaga mafuta. Tukafika njia panda ya Segera, tukakata kwenda Korogwe, mkonge kushoto, mkonge kulia. Kisha tukafika njia panda ya Segera. Tukakata tena. Mkonge, mkonge, Segera. Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja kuzama, na kidole hicho halikukimaliza. Magari yalitupita, nikapiga honi mpaka mkono ukauma, hakuna aliyegeuka. Nikasimamisha gari; milango ikagoma kufunguka.

Mama akaanza kulegea. Midomo ilimkauka. Nikampa maji.

"Kunywa, mama. Wakati ulishapita."

"Umepita wapi? Jua lile pale."

"Utanifia garini!"

"Basi nitakufa nimefunga."

Ungefanya nini wewe? Nikamgeukia mzee. "Mzee wangu, inatosha. Rudi."

"Tulisema mpaka nyumbani."

"Lakini hatufiki!"

"Mkifika mtaingia ndani mlale," akasema taratibu. "Mimi atanirudisha nani?"

Hapo nikaelewa anachotaka, na nilichokijua mimi duniani ni kupatana. Nikasema nitamsindikiza. Akasema mpaka kwake Pangani. Nikasema mpaka lile kalavati, njia ya Muheza. Akasema Muheza mjini. Nikamtazama mama, kichwa kimemwangukia kifuani. Nikasema kalavati, na iliyobaki nitamalizia siku nitakayokuja upande ule.

Mzee akacheka. "Haya. Iliyobaki usiisahau."

Mlango ukafunguka. Tulitembea bega kwa bega, nikasikia viatu vyangu tu. Nikamwacha juu ya kalavati, na nilipompa mgongo tu, jua likadondoka na adhana ikasikika. Nilirudi mbio, nikamkuta mama anakunywa maji kwa mikono miwili. Nilijiona mjanja: nani mwingine angepata bei ile?

Sasa sikiliza bei yenyewe. Kila nikishika njia ya Muheza, kwenye kalavati lile jua husimama, hata la asubuhi, na mzee yuko pembeni. "Twende?" Nimejaribu basi, nimejifunika shuka, dirishani, "Twende?" Nimezungukia Handeni nitokee Bweni, ng'ambo ya mto wa Pangani, nikamkuta vumbini ameketi, ameninyooshea mkono kama mwenyeji. Kila mara nageuza. Biashara ilikufa. Binti yangu ameolewa Tanga, amejifungua, na mjukuu wangu namjua kwa sauti ya simu tu. Mama ananiambia nimsindikize mzee yaishe. Siendi. Nikimfikisha kwake atanikaribisha ndani, na mzee yule sioni akikubali kubaki peke yake.

Kwa hiyo wewe, ukitolewa mlangoni na mwenyeji usiyemjua hata jina, mshukuru, sema inatosha, na uhakikishe amegeuka. Akikuuliza mpaka wapi, usimtajie mahali.