Rehani ya Tangawizi Mbili

Lori la soda likipita na chupa za kioo zikagongana ndani ya kreti, mpaka leo moyo hunipiga paa. Watoto wangu hunicheka. Wao wamekulia kwenye soda za plastiki: unakunywa huku unatembea, chupa unaitupa. Hawajui kwamba enzi zetu soda ilikuwa yako, ila chupa ilikuwa ya mwenye duka.

Kule Rwamgasa, baba alikochimba dhahabu, duka lilikuwa la Mama Shija. Kila mteja alimuuliza, "Ya baridi au ya moto?" ilhali friji hana, ya baridi ni ile iliyolala kwenye ndoo ya maji. Kwenye chupa tu hakuwa na utani. Bila chupa tupu, gari la soda halikumshushia mzigo, kwa hiyo aliyetaka kuondoka na soda alirudisha chupa au aliacha kitu. Wachimbaji waliacha kofia, viatu, hata sururu.

Siku moja mama alichukua soda mbili za tangawizi ampelekee mjomba, aliyefika stendi kutoka kwao Kagongwa. Chupa tupu hatukuwa nazo.

"Sasa Mama Kabula, unaniachia nini?"

Mama alitazama huku na huku, akanikalisha juu ya kreti. "Nakuachia huyu."

Dukani wote walicheka, isipokuwa mimi.

Kreti ilinichora miraba mapajani. Nyuki walizunguka midomo ya chupa, na harufu ya soda iliyochacha ikanikaa kooni. Kila nilipoinuka, Mama Shija alinirudisha: "Kaa, mwanangu. Rehani haitembei." Wachimbaji wenye vumbi hadi kwenye kope waliulizia bei yangu. Nikalia, nikapewa vizibo nichezee. Niliogopa kweli kweli. Je, chupa zikivunjika njiani, nitakuwa mtoto wa dukani?

Mama alirudi jua likizama, macho mekundu. Chupa moja ilikuwa tupu, nyingine bado ina kizibo chake. Hiyo alinifungulia mimi. Niliinywa yote, nikasahau kila kitu.

Nilikuwa nimeshaposwa mama aliponisimulia ya siku ile. Baba alikuwa mwepesi wa kumwinulia mama mkono, hilo nililijua tangu mdogo. Nisilolijua ni kwamba mjomba alikuja kumchukua dada yake. Ila alimtaka peke yake: ng'ombe wa mahari walishaliwa, na mtoto ni wa ukoo wa baba. Gari likapiga honi. Mama alikuwa ameshakaa kwenye siti.

"Ukamwambia huwezi kuniacha?" nikamuuliza.

"Angenijibu tena habari za ng'ombe," alisema. "Nilimwambia nina chupa za watu. Nikashuka."

Mimi nilikombolewa jioni ile ile. Yeye alikaa hadi alipomzika baba.