Tulipopewa Komite

Kabla ya komite, kundi letu la mchezo wa kuigiza lilikuwa watu sita na ngoma mbili, katika uwanja wa nyumba moja kule Songo, mtaa mmoja wa Uvira. Hatukuwa na prezida. Alikuwepo mama mmoja mshonaji ambaye sote tulimwita yaya, yaani dada mkubwa, na neno lake lilitutosha. Vita ilikuwa imefunga shule niliyofundisha, na wenzangu nao hawakuwa na kazi. Yaya ndiye aliyesema tusikae tu tukisubiri redio itutajie waliokufa.

Siku ambazo barabara ilipitika, tulikwenda katika vijiji vya bonde la Ruzizi. Tulicheza kisa cha ng'ombe walioingia katika shamba la mihogo. Ugomvi ulipopanda, yaya alisimamisha mchezo na kuwauliza watazamaji: ingekuwa weye, ungefanya nini? Aliyetaka aliingia, akachukua nafasi ya mchezaji.

Katika kijiji kimoja, ukishapita Katogota, aliingia mjane mkulima. Mume wake alikuwa ameuawa vita ilipoanza. Akachukua jembe la mchezaji wetu, lakini mihogo hakuitaja. Alimuuliza mwenye ng'ombe wa mchezo alikuwa wapi asubuhi ile walipokuja kumchukua mume wake, maana milango yao ilitazamana. Mchezaji wetu aliyeigiza mfugaji akashusha fimbo yake. Swali halikuwa lake. Ndipo mfugaji mmoja, jirani wa kweli wa yule mama, akapenya kutoka nyuma na kuishika ile fimbo.

"Minye nilikuwa chini ya kitanda na watoto," alisema. "Nilimusikia akiniita. Sikutoka, niliogopa."

Mama akamwambia akae, naye akaketi karibu yake, chini kwenye vumbi. Hakuna aliyepiga makofi. Tuliporudi kijiji kile baadaye, tulikuta ng'ombe wa yule mfugaji wanapita kando ya shamba la mama kwa ruhusa yake, na watoto wa nyumba zote mbili wanateka maji pamoja.

Habari hizo zilifika kwa shirika moja la wageni. Walikuja, wakatusifu, wakasema watatusaidia, ila kundi lisiloandikishwa halisaidiwi. Lazima liwe asosiasiyo, chama rasmi chenye sitati ya kukiongoza, prezida na mkutano mkuu, na katika kila kijiji iwepo komite ya jamii, ili jamii ipate sauti. Yaya alijibu kwamba jamii ilikuwa inaingia yenyewe kwa miguu yake. Mgeni alitabasamu na kuandika kitu. Sisi tulikuwa na njaa, na wengi walikubali.

Prezida akawa mtu mkubwa wa mjini ambaye hakuwahi kututazama tukicheza. Komite ya kijiji kile wakapewa ndugu wa chifu, pasta, direkta wa shule na mfanyabiashara mmoja. Mjane hakuitwa, wala mfugaji. Tuliporudi kucheza, komite ilikuwa imekalia viti mbele, na watu wengine wamesimama nyuma yao. Yaya aliposimamisha mchezo na kuuliza, ndugu wa chifu akainuka na kumwonyesha kidole kijana aliyekwisha kufundishwa la kusema. Kijana akashukuru wafadhili, akasema amani ni nzuri. Mjane akasogea mbele vilevile.

"Mama, ikaa," ndugu wa chifu alimwambia. "Jamii iko na muwakilishi wake."

Wachache walicheka. Mama akarudi nyuma.

Yaya alilileta jambo hilo mbele ya mkutano mkuu. Alisema tumewapa wakubwa mchezo uliokuwa wa watu. Wakamwondoa kwa kuinua mikono; mikono yetu wawili tu, mimi na yeye, ndiyo iliyobaki chini. Prezida alimshukuru kwa mchango wake. Ngoma alizonunua yeye zikabaki, kwa kuwa sasa zilikuwa mali ya asosiasiyo. Akavuka mpaka kwenda Bujumbura na cherehani yake.

Vita iliporudi bondeni, kijiji kile kilikimbia. Nilimkuta mjane hapa Uvira, akilala na watoto wake katika darasa la shule. Nilimuuliza habari za jirani yake. Alisema kabla hawajakimbia, watu walianza kunong'ona kwamba mfugaji ndiye aliyewauza kwa wapiganaji. Yeye alijua ni uongo, maana siku wanayoisema alikuwa naye shambani. Alikwenda kwa komite aombe kumsemea mbele ya watu wote. Wakamjibu angoje, wao watalipeleka jambo hilo kwa wakubwa. Vijana wakachoma nyumba ya mfugaji, naye akavuka mto na watoto wake, au hakuvuka. Hajui.

"Mulikuwa munakuja kutuuliza," aliniambia. "Kisha mukaanza kuja kutuonyesha."

Wiki ile asosiasiyo ilikuwa inacheza mchezo wa amani mbele ya wageni, katika sale kubwa ya mikutano mjini, na wakimbizi hawakuruhusiwa kuingia kwa sababu ya usalama. Prezida alihutubia. Nasikia alilitaja neno jamii mara nyingi, na tangu hapo silipendi neno hilo kinywani mwa mtu yeyote.