Nilivyoziba Vitundu vya Gari la Shemeji

Kosa ni langu. Msinipe pole wala msiniambie bahati mbaya, na barabara msiisingizie. Mimi nilishaisingizia, ndiyo maana sasa hivi nimekwama hapa nilipo.

Nauza samaki hapa Kilwa Kivinje. Nilikuwa na pikapu kuukuu ya kupelekea mzigo Nangurukuru, siku nyingine mpaka Lindi. Barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi yanachuruzika chini ya gari safari nzima. Basi kutu ikaingia. Nilipochungulia uvunguni nikakuta shasi, ile fremu inayobeba gari zima, inabanduka magamba.

Fundi wetu wa magari ni kijana mwenye mdomo, haongei bila kelele. Akaniambia, "Mama, kila ukirudi mwagia maji ya bomba chini. Kutu iparue kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe, piga rangi ya kuzuia kutu, ikikauka ndiyo upake oili nzito. Na hivi vitundu vya kwenye shasi vizibue, maji yatoke."

Nikamcheka! Mbele za watu! "Wee mtoto, baba yangu alikuwa fundi mashua. Chombo chenye tundu si kinazama? Leo unanifundisha niache matundu?" Watu wakaangua kicheko, kijana wa watu akarudi kwenye spana zake.

Nikanunua kalafati, ile pamba wanayozibia mashua. Nikachanganya mafuta na chokaa, nikapata deheni, ile dawa ya kupaka mashua, kama ya baba. Kutu sikuiparua wala nini. Nikalala chali uvunguni, kila kitundu nikakishindilia, nikapaka juu yake mpaka pakang'aa. Nilijiona mimi ndiye mimi!

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu Mwanahawa, akaja kutazama. Naye gari lake la zamani, tena anabebea chumvi. Alikuwa ameshapatana na fundi, mimi nikamkatalia. "Unakwenda kwa yule wa nini, na mimi nipo? Lilete!" Nikaliziba kwa mikono yangu hii.

Jamani, sifa mbaya!

Miezi ikapita. Mwanahawa alipojifungua, wiki ileile mimi nilikuwa narudi kutoka Lindi na makreti matupu. Nateremka mlima, nikasikia paa! nyuma ya kiti. Gari likakunjika katikati, usukani hausikii, breki hazisikii. "Ya Rabi!" Nilipiga yowe mpaka likajichomeka kwenye mikorosho. Sikuchubuka hata kidogo. Lakini nguo nililowesha, sifichi.

Fundi akaja kulivuta. Akachokonoa kalafati yangu kwa bisibisi, maji yakamwagika, mekundu kama chai ya rangi, yananuka samaki. Akabonyeza chuma kwa kidole, kidole kikapita.

"Mama, maji yanaingia kwa juu, wewe ukayafungia humo humo," akasema. Safari hii hakupiga kelele. "Kuna gari jingine uliloziba?"

Nikamwambia hakuna.

Hapo ndipo nilipokosa kwelikweli. Nikawaambia watu wote ni shimo la barabarani. Wakaja kunipa pole. Mwanahawa, mzazi wa juzi, akanitumia uji wake wa pilipili manga niondoe mshituko, nami nikaunywa!

Tangu siku hiyo shemeji akiwasha gari, naanza kuomba dua. Nimeinama kulichungulia mara nyingi nikijifanya natafuta kuku. Chini pazuri, panang'aa, na hapo ndipo naogopa zaidi, maana langu nalo liling'aa hivyohivyo. Mbona sisemi? Aibu. Na shemeji ana hasira za karibu. Nikawa najidanganya kwamba lake labda zima.

Leo mtoto katoka arobaini. Wanampeleka Lindi kwa bibi yake, kwa gari hilo, kwa mlima uleule! Asubuhi nimefika kwao, nikakuta ndizi na nazi zimeshapakiwa. Mwanahawa yuko kwenye kanga mpya, anacheka peke yake. "Dada, nishikie mtoto nifunge dirisha." Nikampokea. Akanishika kidole, hakiachii.

Ufunguo wa gari ulikuwa mezani. Nikauchukua.

Sasa nimejifungia chooni kwao na simu yangu. Nje wanatafuta, mikeka inainuliwa, shemeji anafoka. Mwanahawa ananiita, "Dada, hujauona ufunguo?" Nikaitikia, "Sijauona!" Nasema uongo mpaka huku, Mungu anisamehe.

Nyinyi wenye magari ya zamani, hasa sisi tunaokula chumvi hii ya pwani, nawaomba. Osheni chini, parueni kutu kwanza, msiifukie kwa rangi mkadhani imekufa. Vitundu vile vya chini acheni vipumue, gari halielei. Na kama umemharibia mwenzio, mwambie siku ileile. Ukichelewa unakuwa kama mimi, mtu mzima najificha chooni na ufunguo wa watu.

Nasikia shemeji anasema ufunguo wa akiba uko kabatini. Mama yangu! Sikujua kama upo.

Mlango wa gari umefungwa. Sauti ya Mwanahawa inambembeleza mtoto, inatokea upande wa barabarani sasa.

Injini imewaka. Naituma hii hivihivi, sijaisoma tena. Natoka nikasimame mbele ya gari.