Aliyezima Kinu Mwezi wa Nane

Tetsuji Nagatani alikuwa mtu wa kunyoosha kidole. Nimekuwa nikimnyoa tangu baba yangu aliponiachia saluni hii, na kila alipoinuka kitini aligeukia kigingi cha ukutani, akakinyooshea kidole na kusema kwa sauti, "Kofia, imechukuliwa, sawa!" Akifika mlangoni: "Mwavuli, umechukuliwa, sawa!" Wateja wageni walidhani hana akili timamu. Sisi wa Torinoura hatukushangaa. Nusu ya wanaume wa mji huu wamekula mshahara wa kinu cha nyuklia kilichoko nyuma ya mlima, na kule hugusi swichi kabla hujainyooshea kidole, ukaitazama, ukaitaja kwa jina na hali yake. Jicho, kidole na mdomo vikikubaliana, mkono haukosei. Ndivyo walivyofundishwa, nao wakaja na tabia hiyo mpaka majumbani.

Mkewe aliondoka zamani, akahamia Osaka. Aliniambia akiwa papa hapa kitini kwamba amechoka kuishi na mwanamume anayeliitia "limezimwa, sawa!" jiko alilolizima yeye. Tetsuji akabaki na mama yake, Bibi Kinue, katika nyumba iliyo kando ya ngazi za hekalu. Watoto hawakupata. Mimi na yeye tulisoma darasa moja, kwa hiyo naweza kusema bila kumwonea: hakuwa mtu wa watu. Alikuwa na kazi yake na mama yake, basi.

Baada ya tetemeko lile la kaskazini, lililosababisha kinu cha huko kulipuka, vinu vya nchi nzima vilizimwa. Chetu kilikaa baridi miaka mingi huku gesi ikinunuliwa ng'ambo na bili ya umeme ikipanda mpaka bibi vizee wakawa wanalala na giza la magharibi kama kuku. Kilikuja kuwashwa kwa mbinde, baada ya mikutano, kesi, mabango, na ndugu kununiana. Tetsuji akawa mmoja wa wakuu wa zamu. Siku hizo watu walimwinamia barabarani kana kwamba umeme kauleta yeye mgongoni.

Ndipo ukaja ule mwezi wa nane. Joto lilikuwa la kutisha, hata paka walikataa kutembea juu ya lami. Kituo kikubwa cha kufua umeme kwa gesi cha mkoa jirani kikaharibika, na umeme ukawa wa kubana kila mahali. Katika hali hiyo hiyo, kipimo kimoja kikaanza kumnyima Tetsuji raha. Maji yanayozunguka ndani ya kinu yalikuwa yanapungua kidogo kidogo, na hakuna aliyejua yanavujia wapi. Kanuni inaweka kiwango, na ukikivuka huna hiari, unazima. Kiwango kilikuwa hakijavukwa. Lakini kila zamu mshale ulisogea, wala haukurudi nyuma.

Wakubwa walimwambia avute subira mpaka ipite sikukuu ya kuwapokea wafu, viwanda vikifungwa na matumizi yakishuka. Siwatukani. Walikuwa na hospitali na viwanda na mamilioni ya watu wenye joto vichwani mwao, na gesi ya dharura ina bei ya dharura. Tetsuji aliwauliza swali moja tu: kuna anayejua maji yanavujia wapi? Hakuna aliyejua. Akanyoosha kidole, akakisoma kipimo kwa sauti, akaamuru kinu kizimwe. Mkuu wa zamu anayo mamlaka hayo, hahitaji kumwomba mtu.

Mji ukamgeuka siku ile ile. Vipaza sauti vya kwenye nguzo, vile vinavyotangaza tufani na tsunami, vikaanza kutuimbia kila mchana: wananchi, tupunguze matumizi, tuzime kisichohitajika, tusaidiane. Egawa, mwenye kiwanda cha mikate ya samaki, alipunguza zamu za wafanyakazi ili umeme utoshe majokofu, kisha akaja kwangu kunyolewa na hasira zake zote.

"Fumi-san, hivi yule rafiki yako kaumwa na nini? Kiwango hakijafika, yeye anazima! Ingekuwa ndoo inavuja si ungeweka kitambaa chini?"

"Kile si ndoo, Egawa-san. Tulia, nina wembe."

"Miaka yote tumepigania kile kitu kiwashwe! Leo mtu mmoja mwoga anatutia hasara nchi nzima. Mwezi ujao bili ikija tumpelekee yeye!"

"Mbona mwaka ule kinu cha kaskazini kilipolipuka wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kupakia gari? Godoro liliangukia hapa mbele ya mlango wangu."

Wateja wengine wakacheka, naye akanuna. Lakini najua walicheka kwa sababu ya godoro tu. Kumhusu Tetsuji walikuwa upande wa Egawa, na hilo lilinichoma, maana hakuna hata mmoja wao ambaye angekubali kulala karibu na bomba linalovuja asijue linavujia wapi.

Tetsuji mwenyewe hakuyasikia hayo. Kinu kikizimwa hakipoi siku hiyo hiyo kama chungu. Kulikuwa na kukipoza, kukagua, kuandika, kuhojiwa. Alilala kule kule kwenye bweni la kampuni. Kwa mama yake alipiga simu asubuhi na jioni, na jambo alilouliza lilikuwa hilo hilo: kiyoyozi.

Mimi nilimpelekea Bibi Kinue tofu na matango. Nilimkuta ameketi sakafuni, madirisha wazi, kitambaa kibichi shingoni, uso mwekundu kama wa mtoto mwenye surua. Kiyoyozi kilikuwa kimya.

"Bibi! Unataka kufa? Washa hicho kitu!"

"Keti, unywe chai ya shayiri. Nina feni ya mkono."

"Feni ya mkono na joto hili! Tetsu anajua?"

"Fumi-chan, usiwe na fujo. Mota ya kiyoyozi iko nje, pale kwenye ngazi. Wiki hii mji mzima unapanda kusafisha makaburi. Mwanangu kawazimia watu umeme, halafu wapite waisikie mota ya mama yake inanguruma? Watasema nini juu yake?"

"Waache waseme! Wanasema hata bila mota!"

"Ndiyo nisiwaongezee."

Nilikiwasha mwenyewe, nikakaa mpaka nyumba ikapoa. Aliniaga vizuri sana, kwa kuinama mpaka chini. Nilipofika chini ya ngazi nilisikia mota inanyamaza. Nikarudi, tukagombana, nikakiwasha tena. Nikaondoka, kikazimwa tena. Bibi yule alikuwa na mwili mdogo na kichwa kigumu kuliko vyote Torinoura. Nikamwomba aje alale kwangu, akasema wafu wake wanakuja kwa sikukuu, hawezi kuwaacha wakute mlango umefungwa.

Nikampigia simu Tetsuji bwenini. Nilimpata jioni, sauti imemkauka.

"Tetsu, mama yako hawashi kiyoyozi. Anakudanganya."

"Nitampigia sasa hivi."

Baada ya muda mfupi akanipigia tena, nikasikia pumzi imemshuka. "Kimewashwa. Nimemfanya anyooshe kidole na kuita."

"Eti nini?"

"Nimemwambia, Mama, simama mbele yake, kinyooshee kidole, kitazame, uite. Ameita vizuri kabisa: kiyoyozi, kimewashwa, sawa. Hilo analijua tangu baba alipokuwa kule kinuni. Mtu hawezi kukinyooshea kidole kitu kilichozimwa akaita kimewashwa, Fumi. Ulimi unakataa."

Nilimwambia ulimi wa mama haukatai kitu. Akasema nisiwe na wasiwasi, na kwamba ananishukuru. Aliamini ule wito kuliko maneno yangu, kama ambavyo angeuamini kazini, kwa sababu maisha yake yote alifanya kazi na watu ambao wangeona heri kukatwa mkono kuliko kuita uongo. Hakuwahi kufikiria mtu anaweza kunyoosha kidole akaita uongo kwa ajili ya mapenzi.

Alipata ruhusa ya kurudi nyumbani siku ya sikukuu, adhuhuri. Ngazi zilikuwa zimejaa watu wenye maua na ndoo za maji. Walimwona akipita na hakuna aliyemsalimia. Akaingia. Kisha waliokuwa karibu wakasikia sauti yake, ile ile ya kazini, kavu na ya wazi: "Kiyoyozi, kimezimwa." Wakasubiri lile neno la mwisho, kwa mazoea tu. Hakulisema.

Daktari alisema ni joto, na kwamba lilimchukua Bibi Kinue tangu alfajiri, au usiku. Mazishini watu walikuja, wakachoma ubani, wakainama, wakaondoka upesi. Egawa alilia. Nilitamani kumpiga kwa kiatu, lakini alikuwa analia kweli.

Mafundi walipokifungua kinu, walikuta ufa kwenye kiungo cha bomba dogo. Wataalamu wakabishana. Mmoja aliandika kwamba ungevumilia mpaka majira ya baridi, mwingine kwamba ungeweza kupasuka wiki ile ile. Hakuna anayejua na hakuna atakayejua, na hii ndiyo dhuluma yenyewe: ajali iliyozuiwa haina kaburi la kwenda kuwaonyesha watu. Bibi Kinue analo. Bili za mwezi ule zilikuja kubwa, kila mtu akaiona namba yake, ufa hakuuona mtu. Kinu kikawashwa tena vuli, wakati wa matunda ya makaki kuiva.

Tetsuji hakufukuzwa. Alihamishiwa ukumbi wa wageni, ambako anawaonyesha wanafunzi mfano wa kinu uliotengenezwa kwa plastiki, wenye vitaa. Wasipokuja wanafunzi anaketi huko peke yake. Dukani wanampa chenji bila neno. Siku hizi hanyooshei kidole chochote. Akiondoka hapa husahau kofia, nami namkimbilia nayo barabarani.

Juzi alikuja wakati wa theluji, saluni ikiwa tupu. Nilimwuliza anakula nini, analalaje. Akasema anakula vizuri. Kila asubuhi anaweka wali wa moto na chai mbele ya picha ya mama, anaketi, anamsimulia.

"Unamsimulia nini?"

"Kila kitu. Theluji. Watoto waliokuja ukumbini. Nilimsimulia hata ule ufa, ulivyokuwa."

"Vizuri, Tetsu. Anasikia."

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshika mkasi nyuma ya sikio lake aliposema, "Kuna moja sijamwambia. Nimejaribu. Nakaa pale mpaka wali unapoa."

"Lipi?"

Alijitazama kwenye kioo, kisha akaangalia chini, kwenye nywele zake zilizoanguka.

"Kwamba kile kinu, hata leo ningekizima."

Nilimaliza upande wa kushoto, nikamfuta shingo kwa taulo la moto, nikaliacha pale, mikono yangu juu yake, mpaka likapoa.