Kabati la Madam

Ijumaa, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilikuwa kwenye foleni ya Wakenya wanaojiandikisha kupiga kura hapa Maskati. Mbele yangu dada mmoja, mfanyakazi wa nyumbani katika mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, alimwonyesha karani picha ya pasipoti kwenye simu.

"Tunataka pasipoti yenyewe," karani akasema.

"Yenyewe iko kwa madam, mwajiri wangu. Ameifungia kabatini."

Nyuma yangu mama mmoja anayeishi mtaa wa Wadi Kabir, anayeongoza kikundi cha wafanyakazi wa nyumbani, akaguna. "Mimi nimepiga kura mara tatu, na hakuna niliyemchagua aliyewahi kunifungulia kabati. Kesho twende watu sita tukaiombe."

"Atanifukuza, auntie."

"Ndiyo maana huendi peke yako."

Mimi nilijiandikisha kwa dakika nne. Pasipoti yangu hukaa mkobani, na huikagua mara mbili kabla ya kulala. Nilitoka nimechoka, kana kwamba nimebeba kabati lile mgongoni.

Jumamosi, saa mbili kasoro tano asubuhi, tulikuwa wanne tu badala ya sita, yule dada akiwemo, getini kwa madam. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Nikabonyeza kengele.