Watoto Waliofichwa Guta

Siku yangu ya kwanza kazini, pale ofisi ya mradi wa watoto, Musoma, Mratibu wa Mkoa alinipokea akiwa amesimama. Alikuwa mzee mkavu, miwani imefungwa uzi, asiyependa maneno mengi. "Hapa tunasaidia watoto," aliniambia. "Ukiona umeanza kuisaidia ofisi, niambie mapema nikutafutie kazi benki." Nilicheka peke yangu.

Alinipeleka kwanza Butiama, kwenye lishe, yaani kupima watoto uzito na kuwaonyesha akina mama uji wa karanga na dagaa. Kisha nikahamishiwa Bunda, nikapanga chumba Manyamanyama, nikasimamia vituo vya watoto wadogo. Cha Guta nilikipenda kuliko vyote, wala sioni haya kusema. Watoto walicheza, wakajifunza, wakanywa uji, na kabla ya uji walinawa kwenye kibuyu chirizi, lile dumu dogo la kuning'inizwa ambalo mtoto hukanyaga kijiti chini na maji yakamwagika.

Mradi ulipokaribia kwisha, wafadhili walitaka tathmini: mtu wa nje aje aone kama watoto wamenufaika kweli. Asipoona mabadiliko, vituo vinafungwa. Kazi ya kumtafuta mshauri mwelekezi, mtaalamu anayekodiwa kwa shughuli moja tu, nikapewa mimi. Unaanza kwa kuandika hadidu za rejea, yaani achunguze nini na mipaka yake ni ipi. Nami niliandika kwa mkono wangu kwamba mtumishi wa mradi haruhusiwi kumsemea mwananchi. Vijana wangu, sharti hilo ni zuri mpaka siku likubane wewe.

Waombaji walikuja kwenye usaili na suti zao na ripoti za rangi. Bi Zuhura, binti wa fundi cherehani wa Musoma mjini, yeye alikuja na swali. "Nikimaliza kuhoji watu, naruhusiwa kubaki kijijini?"

"Ubaki ufanye nini?" Mratibu akauliza.

"Nikae tu, mzee. Mtu akihojiwa anakuwa kama amevaa nguo za sikukuu. Nataka nimwone akishavaa za nyumbani."

Mratibu akavua miwani, akanigeukia. "Mpe kazi huyu."

Tulipofika Guta, niliwatafuta watoto wangu kwa macho. Watoto waliopangwa mbele yetu walikuwa wembamba, wamechakaa, kamasi zinawatoka, na wengi sikuwajua. Niliowatambua walikuwa wa kitongoji cha jirani, ambako hatukuwa na kituo. Wa kwetu hawakuonekana hata mmoja. Mama Nyangeta, kiongozi wa akina mama, alijibu kila swali kwa kulalama.

"Watoto wanakula?" Bi Zuhura akauliza.

"Wanalala na njaa."

"Na kunawa mikono?"

"Maji yenyewe tunatoa wapi?"

Hapo nikaelewa. Watu wetu wamezoea kwamba mgeni mwenye makaratasi huja kuandikisha wenye shida, na anayeonekana ana nafuu anarukwa. Basi wameazima watoto wa jirani, wa kwao walionona wamewaficha. Walikuwa wanakiua kituo huku wakidhani wanakitetea! Nilifungua mdomo nimwambie Bi Zuhura, nikakumbuka sharti langu mwenyewe, nikaufunga. Sijawahi kuumia namna ile kazini.

Bi Zuhura akarudisha kalamu kwenye mkoba, akavua viatu, akaketi na wanawake kuchambua dagaa. Hakuuliza kitu tena. Wakaanza kumtania jinsi anavyoshika ungo, naye akacheka nao. Kwetu mgeni haondoki na njaa, hivyo sufuria ya samaki sato ikabandikwa na ugali wa muhogo ukasongwa.

Harufu ilipoenea, mtoto mmoja akachungulia nyuma ya nyumba ya bibi mmoja wa jirani. Akafuata wa pili, kisha wakamwagika wote. Hawakukimbilia chakula. Walikwenda moja kwa moja kwenye kibuyu chirizi, wakapanga foleni, wakanawa. Mtoto mmoja wa kuazima alisimama pale hajui la kufanya. Binti wa Mama Nyangeta akamshika mkono, akamwonyesha pa kukanyaga.

"Na hawa ni wa nani?" Bi Zuhura akauliza taratibu.

Mama Nyangeta alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. "Ni wetu."

"Sasa mbona mmewaficha?"

"Wenye makaratasi wanakujaga kuangalia shida, mwanangu. Tuliogopa mkiwaona wamenona mtatunyang'anya kituo."

Bi Zuhura alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nililia mbele ya watu, na sikujali.

Aliandika yote mawili: kwamba kituo kinafanya kazi na kiendelee, na kwamba wale watoto wa kuazima nao wanahitaji cha kwao. Wafadhili wakakubali. Mratibu akaniita. "Pale Guta ulisema nini?"

"Sikusema kitu, mzee."

"Basi kazi umeijua."

Sasa nimestaafu, nalima mihogo Butiama, si mbali na Mwitongo, nyumbani kwa Baba wa Taifa. Nawashukuru wengi: mzee yule mkavu, Bi Zuhura, na akina mama walionilisha miaka yote. Siku ya kuniaga, Mama Nyangeta alipita katikati ya wageni akimvuta msichana mrefu aliyevaa sare ya sekondari.

"Mama Wegesa, huyu ndiye nilimfichaga nyuma ya nyumba," alisema. "Leo nimemleta umtazame."

Nikamtazama mpaka mtoto wa watu akaona haya.