Papa Aliyebebwa kwa Nguvu

Papa, baba yangu, alirudi kijijini kwetu Kibabi kutoka hospitali ya ng'ambo ya mpaka akiwa na kibomba kidogo cha waya ndani ya mshipa wa paja, kimeutanua ili damu ishuke mguuni. Yeye alikiita resori, yaani springi, na kila mgeni alilazimishwa kulipapasa lile paja, ingawa hapakuwa na cha kupapasa ila paja.

Daktari alimwagiza ameze vidonge kila siku, aache kiko, na atembee: atembee mpaka mguu uume, asimame maumivu yapoe, kisha aendelee. Bila hivyo mshipa ungeweza kubana tena, na mguu ukakatwa.

Kiko alikitupa chooni mwenyewe, akaomboleza wiki nzima. Vidonge, Mama alimfunua kinywa kama mtoto kuhakikisha vimeshuka. Kutembea ndiko kulikotushinda.

Mgonjwa haulizwi uji, na kwetu haulizwi kipoyi pia, ile machela ya mianzi inayobebwa mabegani. Papa aliposimama kwenye mteremko, kama alivyoagizwa, wanawake waliotoka shamba walipiga kelele na wanaume wakaja mbio.

"Muniache, niko natembea," Papa akasema.

"Papa, uko umesimama," wakamjibu, wakamlaza.

Wakamleta nyumbani wakiimba. Wabebaji hawaondoki na koo kavu, kwa hiyo Mama akatoa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kesho yake wakamleta tena. Baada ya muda nikawakuta wamekaa kando ya njia na kipoyi tayari, wanamngojea kwa upendo mkubwa na kiu kubwa zaidi. Nilikasirika mpaka nikawatukana, na mmoja akanipa pole kwa ugonjwa wa mzazi wangu.

Kisha mguu ukaanza kuuma hata kitandani, na unyayo ukawa baridi. Tukavuka mpaka tena. Daktari akaangalia picha ya mshipa: umebana ndani ya resori.

"Ulikuwa unatembea?"

"Nilikuwa naanza," Papa akasema kwa aibu. "Njo banakuja kunibeba."

Daktari hakucheka. Aliingiza puto dogo lililopakwa dawa, akautanua mshipa upya, akatuambia kwamba ukibana tena huenda isiwezekane kuutanua. Njia nzima ya kurudi niliogopa.

Jumapili akasimama kanisani wakati wa matangazo. "Mukiniona nimesimama, njo dawa hiyo. Atakayenibeba, muguu wangu utakatwa, na ataulea yeye nyumbani kwake."

Jumatatu nilimfuata kwa mbali, fimbo mkononi, tayari kumpiga mbebaji yeyote. Papa akafika mteremkoni, akasimama. Mama mmoja mwenye kikapu cha viazi akasimama pia. Kumpita mgonjwa hakuweza, kumbeba amekatazwa. Wakaja wengine na majembe yao, wakasimama. Mwenye ng'ombe akawasimamisha ng'ombe wake. Njia nzima ilikuwa imeganda ikitazama paja la baba yangu.

"Bado?" mwenye viazi akauliza.

"Bado kidogo."

Walingoja. Alipopiga hatua, wote wakapiga, na ng'ombe nao. Aliposimama tena, wakasimama. Hivyo ndivyo walivyomfikisha nyumbani, kwa miguu yake.

Mama akamvua kiatu mlangoni, mbele ya watu wote, akaushika unyayo kwa mikono miwili.

"Iko na moto," akasema, na akalia bila kuuachia.